Jozi Yangu na Meja Kuoksu

Naitwa Ragnhild Stålnacke, na kabla hamjanihukumu nataka mjue kwamba nimeendesha basi la shule huko Pajala miaka ishirini na miwili na sijamwacha mtoto hata mmoja barabarani, hata kwenye baridi ile ya kugandisha kope. Nayasema haya kwa sababu magazeti ya kwetu kaskazini yameandika kwamba siku Bunge lilipopiga kura ya kupeleka wanajeshi jangwani, mimi sikuwepo. Ni kweli sikuwepo. Nilikuwa nje ya ukumbi, hatua nne kutoka mlangoni, na kengele niliisikia kuliko waliokuwa ndani.

Bungeni kwetu hatukai kwa vyama. Tunakaa kwa mikoa, kwa hiyo unaweza kukaa miaka na miaka bega kwa bega na mtu ambaye chama chake na chako hata salamu ni ya shida. Mimi nilipangwa karibu na Yngve Kuoksu, meja mstaafu, mtu mrefu mwenye masikio yaliyoumwa na barafu na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Siku ya kwanza aliniuliza kama madereva wa mabasi siku hizi wanajua kusoma. Nikamwambia tunajua, ila ramani za jeshi zinatushinda kwa sababu zote zinaonyesha njia ya kukimbilia. Akacheka mpaka Spika akatutolea macho. Tangu hapo yeye akaniita Dereva, mimi nikamwita Meja, na miaka tisa ikapita.

Mkewe, Elna, alikuwa akitutengenezea jibini la kwetu, lile gumu unalolikatakata na kulitumbukiza ndani ya kahawa. Watu wa Stockholm wakituona wanakunja pua. Tulikunywa kahawa hiyo kila Jumanne asubuhi kwenye meza ya dirishani mgahawani mwa Bunge, tukazungumza habari za theluji, barabara, nani kafa na nani kaoa. Jambo moja tu hatukuligusa: kura. Kwetu kulungu ndio ng'ombe wetu, na humuulizi mtu ana wangapi porini, maana ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Kura nayo tuliifanya vivyo hivyo. Hakuniuliza nitapiga ipi, wala mimi sikumuuliza. Tukiingia ukumbini kila mtu anabonyeza kitufe chake, taa zinawaka ubaoni, yamekwisha. Nilijivunia sana ustaarabu huo. Leo nikiukumbuka natamani kujizaba kofi.

Mambo yalianza Septemba, bomu lilipolipuka ndani ya kivuko na kuua watu thelathini na wanne, saba kati yao watoto. Kundi moja la jangwani, mbali huko, likajitangaza kuwa ndilo lililotega. Nchi nzima ikachemka. Serikali ikaleta hoja bungeni: kikosi kizima cha wanajeshi mia nane, madaktari, helikopta za kubeba majeruhi, na hakuna tarehe ya kurudi mpaka kundi hilo limekwisha.

Mimi nilikuwa upande wa kukataa. Nilisimama nikasema kwamba wale watu hawana mji wa kuuteka wala ngome ya kubomoa, kwamba ukiua kumi wanazaliwa ishirini, na kwamba polisi wetu wangelinda bandari zetu vizuri tusingekuwa tunazika watoto. Niliamini kila neno. Lakini nina binti, Tuva, miaka ishirini na minne, tabibu wa kikosi huko Boden, na kikosi kilichotajwa kwenye hoja ni chake. Naye alitaka kwenda. Tena alitaka kwa moyo wote, kwa sababu mmoja wa watoto waliokufa kivukoni alikuwa mdogo wa rafiki yake.

Jumapili kabla ya kura nilimpigia simu.

"Mama, kama unakataa kwa sababu unaamini, mimi sina neno," akasema. "Lakini kama unakataa kwa sababu yangu, usinipigie tena."

"Sasa nitajuaje tofauti yake?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, Mama. Mimi kazi yangu ni kufunga bandeji."

"Unaongea kama babako."

"Baba angalau alikuwa anajua kunyamaza," akasema, kisha akacheka, nami nikacheka, ila baada ya kukata simu nilikaa jikoni taa zikiwa zimezimwa. Sikujua tofauti. Mpaka leo sijui.

Yngve yeye kila mtu alimhesabu upande wa ndiyo. Mwanajeshi, chama cha serikali, mdomo mkali. Wala hakusimama hata mara moja kuchangia, lakini nani angemtilia shaka? Kwenye kahawa alikuwa na wimbo wake mmoja ambao nimeusikia mpaka masikio yakaota sugu. Aliwahi kuongoza kombania Afghanistan, wakapelekwa nusunusu, magari machache, helikopta za kuazima. Kijana mmoja wa Gällivare akakanyaga bomu, akavuja damu kwa saa nne wakisubiri helikopta ya nchi nyingine, na meja wake amemshika mkono. "Ama unaingia na miguu yote miwili, Dereva," alikuwa akisema, "ama unabaki nyumbani unachonga vijiko. Hao wa katikati ndio wanaoua vijana." Nami huwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku nachungulia kama kahawa imebaki.

Jumanne alikuja mezani bila jibini. Nikajua kuna jambo.

"Elna wanampasua kesho, siku ya kura," akasema. "Saa saba mchana, hospitali ya Umeå. Ilikuwa iwe mwezi ujao, wamesema haiwezi kusubiri." Alijigusa juu ya sikio kunionyesha uvimbe ulipo.

"Mungu wangu, Yngve."

"Nataka nifunge jozi. Nimewaandikia wanaopanga, watatafuta mtu. Lakini nimewaambia nakutaka wewe."

Jozi ni desturi yetu. Mbunge wa upande mmoja akiuguliwa au akifiwa, wa upande wa pili anatoka naye, ili kura ya mtu mmoja isipotee kwa ajili ya msiba. Hakuna sheria iliyoandikwa popote. Ni neno tu, na neno hilo halijavunjwa tangu niingie bungeni. Siku hiyo hesabu ilikuwa mia moja themanini na mbili wa ndiyo, mia moja sitini na saba wa hapana. Tulishashindwa vibaya. Nikitoka au nisipotoka, hakuna kitakachobadilika, na nilitamani sana kumpa yule mzee kitu.

"Nenda kwa mkeo," nikamwambia. "Mimi jozi yako."

Akanipa mkono. Alikuwa na mkono wa baridi, na hakuuachia haraka.

Jioni hiyo serikali ilianza kupata hofu, maana chama kimoja kidogo kilichokuwa upande wao kilianza kunung'unika. Wakakaa, wakakata hoja yao wenyewe ili kukituliza. Wanajeshi mia nane wakawa mia nne. Helikopta zikaondolewa, tutategemea za marafiki. Muda ukawekwa: miezi kumi na miwili, kisha kila mtu nyumbani. Asubuhi ya Jumatano wabunge saba wa chama kile wakasimama mbele ya waandishi na kusema hata hivyo hawataki. Wote saba watapiga hapana.

Piga hesabu mwenyewe. Mia moja sabini na tano kwa mia moja sabini na nne.

Saa tano Pernilla Ekvall aliniita ofisini kwake. Huyu ndiye kiongozi wa wabunge wa chama chetu, mwanamke mdogo wa umbo, anayeongea polepole anapotaka kukuuma. Alifunga mlango na hakuketi.

"Wagonjwa wengine wote wameletwa, wa kwao na wa kwetu, hesabu iko palepale," akasema. "Umebaki wewe na Kuoksu. Mkitoka wote wawili, mia moja sabini na nne kwa mia moja sabini na tatu. Inapita. Yeye akikosa na wewe ukiwepo, tunalingana."

"Najua kuhesabu, Pernilla."

"Zikilingana hoja inalala. Wiki ijayo tunarudia, zikilingana tena tunapiga bahati nasibu. Na ndani ya wiki moja, mwenzangu, nakuapia wengine watatu wa kwao watakimbia. Hoja yenyewe imekatwakatwa, hakuna anayeipenda."

"Nimempa mtu neno."

"Ulimpa neno juu ya kura nyingine. Ile ya jana."

"Mkewe anapasuliwa kichwa leo!"

"Nami nampa pole. Kwani nani anamnyang'anya mke? Atakaa hospitalini, mkewe atapona, Mungu akipenda, na sisi tutakuwa tumezuia vijana mia nne kwenda kufa kwa ajili ya picha za magazetini." Akanikaribia. "Binti yako yumo kwenye hao mia nne. Au nimekosea?"

Nilimwambia akimtaja binti yangu tena nitamtupia ile glasi ya maji iliyokuwa mezani, na nilikuwa simtanii. Hakurudi nyuma hata kidogo.

"Tupa. Lakini usimpigie Kuoksu kumwambia. Ukimwambia, atapanda ndege ya saa saba na nusu na atakuwa hapa kabla ya kura. Kaa kwenye mgahawa. Kengele ikilia, ingia ukae kitini kwako, bonyeza. Basi."

Nilitoka pale. Sikwenda mgahawani. Nilikwenda chooni nikanawa uso kwa maji ya baridi, nikajitazama kwenye kioo, nikajiuliza hivi ni mama gani anayejua kitufe cha kumzuia mwanawe asiende kufa na akakaa nje kwa sababu ya adabu. Na papo hapo nikajiuliza ni mtu gani anayemwibia mwenzake aliyekaa na mkewe hospitalini. Sikupenda jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Saa sita kasorobo simu ikalia. Alikuwa Yngve.

"Dereva."

"Meja. Elna vipi?"

"Wamemnyoa. Anasema anafanana na mimi nilipoingia jeshini. Anatania, lakini mkono wangu hauachii." Nilisikia milango ikifungwa nyuma yake na kitanda kikisukumwa. "Nimesikia habari za wale saba."

"Ndiyo."

"Wenzangu wamenipigia mara tatu. Wanasema nipande ndege. Wanasema yule mama wa Pajala atanichezea rafu, ana mtoto kikosini, nani asingefanya hivyo? Nikawaambia hawakujui."

Kama alikuwa ananipima, alikuwa ananipima vibaya.

"Kuna ndege saa saba na nusu," akaendelea. "Nikiondoka hapa sasa nitaiwahi. Wewe unapata kiti chako, mimi changu, jozi imekufa kwa heshima. Au nibaki. Sema wewe. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema baki, nazima simu na nakaa na mke wangu."

Hapo ndipo penyewe. Nilizipanga kichwani kama vituo vya basi. Nikisema njoo, atamwachia Elna mkono saa moja tu kabla hajaingizwa kupasuliwa, ataruka mpaka huku, atapiga ndiyo yake, nitapiga hapana yangu, na hoja itapita kwa kura moja ileile. Tofauti ni kwamba jina langu litakuwa ubaoni, safi, na watu wa kwetu wataona nilikataa. Nikisema baki na nikatimiza, hoja inapita na jina langu halionekani popote. Nikisema baki na nikaingia ukumbini, hoja haipiti. Njia ya kumbakiza Tuva nyumbani ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya uongo.

"Nimeisoma karatasi mpya," akasema Yngve kabla sijajibu. "Helikopta wamezitoa."

"Ndiyo, wamezitoa."

"Mia nne, miezi kumi na miwili." Akavuta pumzi. "Dereva, mimi..."

Nilidhani anataka kuomba msamaha kwa kura yake. Nilidhani anataka kuniambia habari za Tuva, kwamba atakuwa salama, maneno yale ambayo watu wananiambia na yananitia kichefuchefu. Nikamkata.

"Baki na Elna," nikasema.

"Una uhakika?"

"Baki, Yngve. Zima simu."

"Ahsante, dada yangu," akasema. Katika miaka tisa hakuwahi kuniita hivyo. Simu ikakatika, nami nikasimama pale nikiwa sijui kama nimemwambia ukweli au nimemtega.

Ukitaka kujua mateso, subiri kwa muda wa saa nne namna ile. Nilizunguka korido zote za jumba lile. Nilisimama dirishani nikatazama maji yaliyoganda nusu chini ya daraja. Saa nane Pernilla alinipita bila kusema neno, akainua nyusi tu, nami nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, niliitikia. Sitalificha hilo. Aliondoka akiamini nimekubali, na kwa muda ule hata mimi niliamini. Nilijiambia Yngve ni mwanajeshi, anajua vita ni hila. Nilijiambia Elna mwenyewe angekuwa na binti angefanya hivyo. Nilijiambia maneno mengi, kila moja lina mantiki yake, na kila moja liliniacha mdomo mchungu.

Saa kumi kasoro dakika tano kengele ikaanza.

Kengele ya kura kwetu inalia kila mahali, mgahawani, chooni, kwenye lifti, na wabunge wanatoka kila pembe kama watoto wakati wa mapumziko, wengine wanatafuna bado. Nilikwenda nao. Watu wa magazeti walikuwa wamejaa ubavuni, kamera zinamulika. Nilifika mlangoni. Kutoka pale nilikiona kiti changu na cha Yngve, vyote viwili vitupu, safu ya Norrbotten, mkoa wetu. Pernilla alikuwa ndani tayari, amegeuka, ananitazama. Alinipungia mkono kwa vidole viwili tu, upesi, njoo.

Nilipiga hatua moja ndani. Zulia lile ni laini, hata viatu havisikiki. Ningetembea hatua kumi na tano nyingine ningekuwa nimekaa. Kidole changu kilikuwa kinacheza chenyewe.

Kilichonirudisha si uungwana, msije mkaniandikia shairi. Nilifikiria Jumanne. Nilifikiria kwamba Jumanne ijayo yule mzee atakuja kukaa pale, pembeni yangu, kwa sababu hana kwingine pa kukaa, na Jumanne itakayofuata, na zote mpaka uchaguzi, na hatasema lolote. Hatanilaumu. Atakaa tu na masikio yake yale mekundu. Hilo nililiogopa kuliko jangwa, na ninaona aibu kulisema, kwamba nilimwogopa mzee mmoja aliyenyamaza kuliko nilivyoogopa kumpoteza mtoto wangu. Nilirudi nyuma. Mlinzi wa mlango akaniuliza, "Unaingia, mama?" Nikamwambia hapana, endelea, funga.

Nje kuna skrini ndogo ukutani. Nilisimama chini yake. Taa za kijani na nyekundu zikajaa, kisha namba zikatokea. Ndiyo mia moja sabini na nne. Hapana mia moja sabini na tatu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, orodha ya wasiokuwepo, na jina langu humo, bila kusema jozi, bila kusema mgonjwa, bila kusema chochote.

Pernilla alitoka wa kwanza.

"Umefurahi?" akasema mbele za watu. "Umelinda heshima yako. Haya, kampigie binti yako umwelezee heshima."

Nilikaa kwenye benchi la korido na koti langu mapajani mpaka watu wote wakaisha.

Yngve alipiga saa kumi na mbili na nusu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Ametoka. Kafumbua macho. Kitu cha kwanza kauliza kama nimekula, huyu mwanamke!" Akawa analia na kucheka kwa pamoja, nami nikalia naye, kwa furaha ya kweli, naapa. Elna ni mtu mwema. Kisha akauliza, "Imepita?"

"Imepita. Kwa moja."

"Kwa moja," akarudia. Halafu nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Meja?"

"Mimi ningekataa," akasema.

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie.

"Ile karatasi mpya. Mia nne bila helikopta. Mwaka mmoja, kana kwamba wale jamaa wana kalenda yetu ukutani. Ni vilevile kama Afghanistan, Dereva, vilevile kabisa. Kama ni kwenda twende wote na kila tulichonacho, kama hatuwezi tukae. Ile ya kwanza ningeipa ndiyo yangu bila kupepesa. Hii nisingeipa. Nilikaa pale nikasema, akiniita nije, nitakwenda nikakatae, na chama kinifukuze kikitaka."

Kura moja kutoka huku kwenda kule. Mia moja sabini na nne kwa mia moja sabini na tano, na mimi nikiwemo. Ingeanguka palepale. Nilisimama, nikakaa tena.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa napiga kelele, mfagiaji akageuka. "Ulikuwa na simu mkononi, Yngve! Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema. Ukanikata."

"Ungesema tena!"

"Hatusemi," akajibu. Alisema polepole, kama mtu anayejishangaa mwenyewe. "Mimi na wewe hatusemi. Na nilitaka kubaki, Dereva. Ulipotamka baki nilishukuru, nikaona nisikuongezee mzigo. Nikadhani unajua msimamo wangu. Nimekueleza miaka tisa."

Ni kweli alinieleza. Kila Jumanne. Yule kijana wa Gällivare ningeweza kuwaambia mpaka rangi ya soksi zake. Nilimsikia wiki baada ya wiki na bado nikamhesabu kama wale wa Stockholm walivyomhesabu, mwanajeshi, ndiyo, mstari unaofuata.

"Binti yako..." akaanza.

"Usimtaje," nikamwambia. "Kaa na mkeo."

Hatukuagana vizuri. Sikuwa na hasira naye, au labda nilikuwa nayo, sijui, ilikuwa imechanganyika na nyingine.

Tuva alinipata ndani ya treni ya kwenda uwanja wa ndege. Nilitazama jina lake kwenye simu likiwakawaka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilitamani asinitafute.

"Mama, nimeangalia orodha," akasema. Nyuma yake nilisikia vijana wakipiga kelele, wengine wanaimba. "Nimeitazama mara mbili. Upande wa ndiyo jina lako halipo. Upande wa hapana halipo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nje ya mlango." Nikamweleza. Jozi, Elna, simu ya saa sita, Pernilla, yote. Nikamweleza hata ya Yngve, na mwishoni maneno yalikuwa yananitoka yamevunjika vipandevipande. Watu kwenye treni walianza kutazama madirisha kwa adabu.

Wale vijana waliendelea kuimba.

"Ungekubali, ningejivunia," akasema. "Ungekataa, tungegombana, kisha ningejivunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili."

"Tuva..."

"Jana nilimwambia mwenzangu, mama yangu atapiga kelele mpaka paa lipasuke. Tukacheka." Sauti yake ikapungua. "Ukweli nilitaka ukatae, Mama. Nilisema vile tu. Nilitaka awepo mtu mmoja ubaoni ambaye hakutaka niende."

Niliweka kiganja mdomoni. Treni ilikuwa inapita kwenye theluji tupu, mashamba, nguzo za umeme, mashamba.

"Tunaondoka tarehe tisa Machi," akasema binti yangu. "Mambo ni mengi, nakwenda kufunga vifaa. Usije kuniaga kituoni."